Intavyuu ya Mfiwa

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye ukuta karibu na soko la Tandika, na jua lilipopanda ukuta haukuonekana tena kwa migongo ya watu. Kiwanda kipya cha sabuni kule Barabara ya Pugu kilikuwa kinatafuta makarani, wapokea wageni, watunza stoo, madereva na walinzi. Mwombaji alete vyeti vyake, na Jumatatu ya wiki inayofuata ajitokeze kwa intavyuu.

Marijani hakujisumbua kulisoma. Alisimama kando kwa muuza kahawa, kikombe mkononi, akisoma nyuso. Watu waliingia kwenye ule msongamano wakiwa na matumaini, wakatoka wamenywea kama waliopangiwa siku ya kung'olewa jino. Ulikuwa ule wakati mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na Temeke nzima imejaa watu wenye uzoefu mkubwa wa kazi ambazo hazipo tena. Wengi wao waliajiriwa zamani kwa kauli ya mjomba. Intavyuu walikuwa wakiisikia kama wanavyosikia habari za theluji.

"Hivi kwenye intavyuu wanakuulizaga nini?" mama mmoja alimwuliza mwenzake.

"Wanakuuliza wewe ni nani."

"Sasa si nimeandika kwenye barua?"

"Ndo hivyo. Wanataka uwaambie tena, huku wanakutazama."

"Wote kwa pamoja? Makubwa!"

Hapo Marijani akalipia kahawa yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na muuza kahawa akajua kuna watu watalia karibuni.

Tumjue kidogo bwana huyu kabla hajatuibia na sisi. Alizaliwa Kigamboni, Mzaramo baba na mama, mrefu, meno meupe, sauti kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuwahi kumkaba mtu wala kuingia dirishani kwa mtu. Kazi hizo aliziona za watu wasio na subira. Yeye vitu aliletewa na wenyewe, tena wakishukuru. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja cha Tabata kwa wateja wengi kiasi kwamba wawili kati yao, waliokutana pale kila mmoja akipima msingi wake, waliishia kuoana. Marijani alilihesabu hilo kuwa mchango wake kwa jamii.

Sasa aliona biashara mpya. Watu wa Temeke njaa walikwishaizoea, lakini woga wa kutazamwa na mabosi hawakuwa na dawa yake. Angefungua chuo. Na chuo kinahitaji chumba.

Chumba kilikuwepo kwa Mzee Gaspar, mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Dar es Salaam kijana, akaoa, akajenga, akafiwa na mke, akabaki na nyumba kubwa na hamu ya mtu wa kuongea naye. Marijani alibisha hodi akiwa hana hadithi yoyote kichwani. Hadithi huwa anaikuta ndani kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

Marijani alitupa jicho ukutani. Kulikuwa na picha kubwa ya stesheni ya Tabora, wafanyakazi wamejipanga mbele yake.

"Tabora, baba."

"Tabora! Usiniambie Mnyamwezi!"

"Kabisa. Ila nimekulia huku huku Pwani. Lugha imenitoka, damu ni ile ile."

Mzee Gaspar alimshika mkono, hakuuachia. Kabla chai haijapoa alikwishampa chumba cha mbele bila kodi mpaka mambo yake yakae sawa, na akamwahidi kwamba siku moja watapanda treni wote wawili waende nyumbani. "Miaka mingi natafuta sababu ya kwenda," alisema mzee. "Kila mwaka nasema mwakani. Sababu haitokei."

"Itatokea, baba," Marijani alimfariji, akipima kwa macho upana wa mlango.

Keshoye kibao kilining'inia barazani: CHUO CHA UJASIRI WA INTAVYUU. Mkuu wa chuo alivaa koti la kijivu la mitumba, zito, la nchi zenye baridi, na alilivaa mchana kweupe wa Tandika bila kutoa jasho. Hilo peke yake liliwavuta wanafunzi wa kwanza.

"Ada hatutozi," alitangaza. "Fedha inamfanya mwanafunzi amwogope mwalimu. Hapa tunaweka dhamana. Kila mtu alete kile kitu asichoweza kulala bila kujua kiko wapi. Ukiweza kukiacha hapa, woga umeushinda nusu. Ukipata kazi unakuja kuchukua chako, na soda unaninunulia."

"Na nisipopata?" aliuliza Wilbert, dereva aliyepunguzwa kazi, mtu wa bara mwenye kupenda mambo yaeleweke.

"Braza, swali kama hilo ndilo linalokukosesha."

Watu walipiga makofi. Wilbert akaona haya, akaenda kuleta redio yake kubwa ya kaseti. Jovina, mwombaji mwenzake, akaleta jiko la mafuta la plati mbili. Ikaja baiskeli, ikaja saa ya ukutani, yakaja mapazia ya harusi ya mtu. Na Tabu akaleta cherehani.

Tabu aliishi nyumba ya jirani. Alikuwa mpokea wageni kwenye kiwanda cha nguo mpaka siku walipokusanywa uwanjani wakaambiwa asanteni. Mumewe alikwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, na mpaka siku hiyo hakuwa ameleta hata kokoto. Sare za shule za nusu ya mtaa zilipita kwenye cherehani ile, na wali wa watoto wake ulitoka kwenye cherehani ile. Akiikosa kazi, bado ana cherehani. Akiikosa cherehani, hana kitu. Aliibeba kichwani mpaka kwa Marijani, akaitua taratibu, akaifunika kanga kama mtoto aliyelala.

"Shoga," alisema Rukaiya, rafiki yake anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, "mtu unaachaje cherehani kwa mwanaume anayevaa koti na jua hili?"

Tabu alijibu kwamba ni wiki moja tu, na kwamba akiingia mbele ya mabosi bila kufundishwa atakufa kabla hajataja jina lake. Hilo lilikuwa kweli. Mbele ya wageni wakubwa sauti ya Tabu ilikuwa ikimkimbia. Alilelewa hivyo, mkubwa hatazamwi machoni, unapiga goti na macho chini.

"Jina lako?" Marijani alimwuliza katika somo la kwanza, amekaa nyuma ya meza, akijifanya mwajiri.

Tabu aliviambia vidole vyake vya miguu kitu fulani.

"Dada, hivyo vidole ndivyo vinavyoajiri? Niambie mie."

"Kumkodolea mkubwa macho si adabu, mwalimu."

"Ukiinama utaona sakafu, na mshahara hauko sakafuni. Kaa wima. Nitazame machoni. Usiharakishe kujibu, anayeharakisha ana kitu anaficha. Na wakikuuliza kama una swali, kuwa nalo. Mwenye swali wanamwona mwenzao."

Sipendi kumsifu mwizi, lakini masomo yalikuwa mazuri. Hapakuwa na mtu Temeke nzima aliyejua kazi ya kuaminiwa kama Marijani, maana ndiyo iliyomlisha tangu ajitambue. Wilbert aliacha kutafuna kucha. Jovina alianza kusema kwa sauti ya kusikika. Tabu peke yake aligoma kufunguka, mpaka Mzee Gaspar alipoingia na birika la chai.

"Aa, Tabu! Umeshamjua mwalimu? Huyu Mnyamwezi mwenzangu. Mtani wako huyu!"

Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, Wanyamwezi wakiwa wapagazi wa kubeba mizigo, na mbele ya mtani hakuna mkubwa wala haya. Tabu alinyanyua kichwa. Mikono ikaenda kiunoni, na sauti ambayo Marijani alikuwa akiitafuta tangu asubuhi ikatoka yote.

"Kumbe mpagazi! Mpagazi na koti! Mzigo umeutua wapi, mtani? Au ndo umekuja kunibebea cherehani yangu mpaka Tabora?"

Mzee Gaspar alicheka mpaka chai ikamwagika. "Heri mpagazi," alirudisha, "kuliko Mzaramo anayeuza mnazi wa babake akacheze ngoma!" Kisha yeye na Tabu wakamgeukia Marijani, wakisubiri na yeye aongeze lake.

Marijani alitabasamu. "Asante, dada. Tuendelee na somo."

Maskini! Matusi yote ya utani aliyoyajua tangu utoto yalikuwa ya upande wa pili.

Jioni Tabu alikaa kwenye kibao cha Rukaiya akiwa na mawazo. "Yule mtani ana kasoro. Nimemtukana, kanishukuru."

"Labda kwa kuwa msomi."

"Mnyamwezi hata awe profesa, ukimwita mpagazi anakurudishia. Tena na nyongeza. Yule katabasamu kama padri."

Marijani alipanga kuondoka Ijumaa mchana, wakati mtaa mzima uko msikitini. Ilikuwa hesabu nzuri ya mtoto wa Kigamboni. Alikodi pikapu, dereva akairudisha kinyumenyume mpaka barazani, na vitu vikaanza kupanda: redio, jiko, baiskeli, mapazia. Alisahau jambo moja tu, kwamba mwenye nyumba wake ni Mkatoliki na Ijumaa mchana yuko kitandani anapumzika.

"Mwanangu, vipi? Unahama?"

Mzee Gaspar alisimama mlangoni na singlendi yake, akipikicha macho. Marijani alikuwa amekumbatia cherehani. Miguu ilitaka kukimbia, lakini ulimi wake haukuwahi kumtupa. Akaitua cherehani, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, nimefiwa."

"Nani tena?"

"Baba mdogo, huko nyumbani. Nimeletewa habari sasa hivi. Nawahi treni."

"Na hivi vitu?"

"Amana za watu, baba. Navipeleka kwa rafiki visije vikaibiwa. Siku hizi watu hawaaminiki."

Mbele ya mtu mwingine yeyote maneno hayo yangetosha. Lakini Mzee Gaspar aliisikia Tabora, akausikia msiba, akamwona kijana wa kwao amesimama na uchungu wake katikati ya mji wa watu, na machozi yakamtoka. Akamkumbatia. Kisha akamgeukia dereva. "Shusha vyote, urudi ulikotoka. Mfiwa hahangaiki na vyombo." Na kabla Marijani hajapata neno, mzee alikuwa ameshatoka barabarani na singlendi ile ile, akipaza sauti: "Majirani! Jamani majirani! Tumefiwa!"

Anayeijua Tandika anajua yaliyofuata. Turubai lilifungwa, majamvi yakatandikwa, masufuria yakatoka nyumba hii na ile. Waliotoka msikitini hawakupita nyumbani, walikuja moja kwa moja. Marijani alikalishwa katikati ya jamvi na watu wakamzunguka kumliwaza, maana mfiwa haachwi peke yake. Akisimama, wanasimama. Akienda chooni, mtu anambebea kopo la maji na kumsubiri nje, akikohoa kwa huruma.

"Treni ni Jumanne," alisema Mzee Gaspar. "Usijali, mwanangu. Nakwenda na wewe. Hii ndiyo ile sababu."

Marijani alikuwa akipima ukuta wa uani kwa macho pale sahani ya rambirambi ilipoanza kuzunguka. Akaacha kupima. Akainamisha kichwa, akalia kidogo kwa majaribio, na sahani ikanenepa. Akalia zaidi. Baba mdogo ambaye hakuwahi kuwepo alikuwa amemfaa kuliko wengi waliowahi kuwepo, na Marijani akaamua kwamba kuondoka Jumapili pia ni kuondoka.

Hapo Mzee Gaspar akamwinamia sikioni. "Wala usione tuko wapweke huku ugenini. Nimeshapeleka habari kwa watani wako. Kesho wanakuja wote."

Machozi ya Marijani yalikauka. Alikuwa kijana mdogo alipofuatana na shangazi zake wa Kigamboni kwenda kuwatania Wanyamwezi waliofiwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumvua mfiwa viatu na kukimbia navyo huku watu wanashangilia. Sheria yake aliijua. Mtani msibani anachukua akitakacho, na mfiwa akikasirika mtani anaongeza. Anayesema hataki utani anasema yeye si wa kabila lile.

Wakati huo huo Rukaiya, aliyeona mambo yote kutoka kwenye karai lake, alikuwa amefika kwa Tabu akihema.

"Shoga, cherehani yako ilikuwa inaenda kwenye gari. Kafiwa akiwa ameikumbatia!"

Tabu alikaa chini. Aliwaona watoto wake wamekaa mbele ya sahani tupu, na hasira yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, kwamba aliibeba kwa kichwa chake. Wilbert aliitwa, Jovina akaitwa. Wilbert alitaka polisi.

"Polisi watakuuliza kakuibiaje," alisema Jovina. "Utasema nilimpelekea mwenyewe na makofi nikapiga?"

Tabu ndiye aliyeinua uso wa kwanza.

"Si kasema yeye Mnyamwezi?"

"Kasema."

"Na kasema kafiwa?"

"Mtaa mzima umesikia."

"Basi polisi wa nini?" alisema Tabu, na taratibu akaanza kutabasamu. "Huyo ni wangu."

Jumamosi asubuhi walisikika kabla hawajaonekana. Mbele alitangulia Shangazi Zubeda wa Mbagala akipiga sufuria kwa mwiko, nyuma yake jopo la wanawake wa Kizaramo, na katikati Tabu amevaa suruali ya kiume na kubeba tenga tupu kichwani, amepinda mgongo kama mpagazi aliyechoka.

"Tumesikia mpagazi kafa!" alipaza Shangazi Zubeda. "Mizigo ya Dar es Salaam sasa itabebwa na nani?"

Msiba mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee Gaspar alicheka na kulia kwa pamoja. Miaka mingi hakuwa amepewa haki yake namna ile. Tabu aliingia chumbani kwa Marijani bila hodi, akatoka amevaa koti la kijivu, mikono ya koti imemeza vidole vyake. Akavuta kiti mpaka mbele ya jamvi, akakaa, akakunja nne.

"Mfiwa, sogea. Kaa wima."

Marijani akakaa wima.

"Hii ni intavyuu. Tunataka kujua kama una sifa za kufiwa. Ukijibu vizuri tunakuachia mali zako. Ukibabaika tunabeba. Nitazame machoni."

Akamtazama. Na macho aliyoyakuta hayakuwa yale yaliyokuwa yakizungumza na vidole.

"Marehemu jina lake nani?"

Marijani alifuata mafunzo yake mwenyewe, hakuharakisha. Alikaa kimya kwa utulivu mkubwa, mpaka Shangazi Zubeda akapiga sufuria. "Huyo hafikirii! Huyo anatunga!"

"Mzee Kasimu," alisema Marijani.

"Ehe," alisema Mzee Gaspar bila ubaya, "mimi jana nilisikia Saidi."

"Kasimu Saidi, baba."

"Kababaika," alisema Tabu. "Redio!"

Wilbert hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliingia, akatoka na redio yake kifuani, akaelekea barabarani huku wanawake wanampigia vigelegele.

"Kaacha watoto wangapi?"

"Watano."

"Wataje."

Marijani alitaja wanne kwa ufasaha. Wa tano akamwita Kasimu Saidi, ambaye ndiye aliyekuwa marehemu.

"Kajizaa mwenyewe huyo!" alilia Shangazi Zubeda. "Jiko! Baiskeli! Mapazia!"

Vitu vilipita mbele ya macho ya Marijani kimoja baada ya kingine, kila kimoja mikononi mwa mwenyewe. Uso ulikuwa unamwaka, na alikuwa anacheka, kwa sababu kucheka ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo. Mbele yake kilibaki kitu kimoja, cherehani, na kanga yake juu.

"Swali la mwisho," alisema Tabu, na hapo sauti yake ilishuka kidogo, maana sasa alikuwa anaulizia chakula cha watoto wake. "Nyumba ya marehemu, ukishuka stesheni ya Tabora, iko upande gani?"

Mzee Gaspar alisogea karibu, sikio mbele. Marijani aliitafuta Tabora kichwani mwake na kukuta Kigamboni tupu.

"Upande wa baharini," alisema.

Tabora na bahari vimetengana kwa safari ya siku nzima na zaidi. Kisha Mzee Gaspar akajipiga paja, akacheka mpaka wakamshikilia. "Baharini! Mnamsikia mtani wenu? Kachelewa kujibu, lakini leo kawajibu!"

Tabu hakucheka. Alisimama, akamwachia Rukaiya tenga lake, akachuchumaa mbele ya cherehani. Mtu alitaka kumsaidia, akakataa. Akaipandisha kichwani mwenyewe, akasimama nayo, koti la kijivu likimfika magotini.

"Leo wapagazi ni sie," alisema.

"Nami nina swali," aliwahi Marijani, kwa sababu mwenye swali wanamwona mwenzao. "Hivi ni vitu vya watu nilivyoachiwa. Wenyewe wakija, niwajibu nini?"

Tabu alimtazama machoni, bila haraka.

"Swali zuri sana, mwalimu. Tutakujulisha."

Wakaondoka na viatu vyake pia, na mkanda. Sahani ya rambirambi walimkabidhi Mzee Gaspar kwa ajili ya nauli. Marijani alibaki kwenye jamvi, ameshika suruali isianguke, amezungukwa na watu wema.

Jumatatu Tabu alikaa kwenye benchi la kiwanda cha sabuni pamoja na nusu ya Temeke. Koti alikuwa amelipunguza Jumapili kwa cherehani yake, likamkaa kiunoni kama limetoka dukani. Waliotoka ndani walitoka na jibu moja: wameambiwa watajulishwa. Jina lake lilipoitwa, aliinuka, akaingia. Nyuma ya meza walikaa mabwana watatu, na wa katikati alikuwa mnene, mwenye miwani mizito na uso wa mtu ambaye chai yake imechelewa.

Macho ya Tabu yakaanza safari yao ya kwenda sakafuni. Njiani yakasimama. Aliwaza, vipi kama hawa wote ni watani? Wapagazi watatu, wametua mizigo, wamevaa tai. Akanyanyua kichwa.

"Mgeni akifika pale mapokezi na hasira, anapiga kelele, utafanyaje?" aliuliza mnene.

Tabu hakuharakisha. "Kwanza nitampa kiti. Mtu akishakaa, kelele hazimtoki vizuri. Halafu nitamsikiliza mpaka aishiwe, ndo nimwulize shida yake, maana mpaka hapo atakuwa hajaitaja."

Bwana wa pembeni alicheka puani. Wakamwuliza kuhusu simu, kuhusu vitabu vya wageni, akajibu. Kazi yenyewe alikuwa anaijua.

"Una swali lolote kwetu?"

"Ninalo. Hii 'tutakujulisha' mnayowaambia wenzangu huwa mnaimaanisha? Nauliza kwa sababu juzi mie mwenyewe nilimwambia mtu hivyo, na sikuwa na nia ya kumjulisha kitu."

Mnene alivua miwani. Akawatazama wenzake, wenzake wakatazama dari, midomo imebana. Kisha alicheka kwa tumbo lote mpaka meza ikatikisika.

"Hapana," alisema akifuta macho. "Wewe hatukujulishi. Wewe anza Jumatatu ijayo."

Jumanne mtaa mzima uliwasindikiza wafiwa stesheni. Mzee Gaspar alivaa suti yake ya Jumapili na kubeba kapu la maandazi kwa ndugu ambao hakuwaona tangu ujana. Jumapili ile Tabu alikuwa amekwenda kumwambia ukweli, akamkuta anang'arisha viatu huku anaimba, na moyo ukamkatalia. Akasema ukweli utamfikia akiwa nyumbani kwao, kati ya watu wake. Marijani alivaa kanzu ya kuazima na kandambili zisizofanana. Alikuwa amepanga kushuka Morogoro. Lakini Mzee Gaspar aliwajua walinzi wote wa treni, akamshika kila mmoja bega na kumwambia: "Huyu kijana kafiwa. Msimwache peke yake hata dakika moja."

Filimbi ya kwanza ikapigwa. Tabu alisogea dirishani, koti la kijivu mwilini. Marijani alichungulia nyuma, akaona mzee anapanga kapu, akatoa kichwa nje.

"Dada Tabu," alinong'ona, "nisaidie. Mie si Mnyamwezi. Mie Mzaramo mwenzako, wa Kigamboni. Ndugu yako kabisa!"

"Nilijua toka siku uliponishukuru," alisema Tabu. "Na mie sina ndugu anayeiba cherehani yangu ilhali ndo hiyo hiyo niliyo nayo." Alikuwa na hasira bado, na alikuwa na furaha, na vyote viwili vilionekana usoni mwake. "Ila umenifundisha vizuri, nami sitakuacha uende hivi hivi. Ukoo wa Mzee Gaspar wanakungoja stesheni, wamepelekewa habari. Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kaa wima. Watazame machoni. Usiharakishe kujibu."

Treni ilishtuka, ikaanza kutambaa. Marijani alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Na nikishindwa je?"

Tabu alitembea sambamba na dirisha hatua chache, akimpungia Mzee Gaspar mkono.

"Watakujulisha."